Gari Lisilo na Ubovu

Hakuwa na cheti cha ufundi, wala leseni ya gereji, wala jino la mbele upande wa kulia, ambalo alilitoa mwenyewe kwa koleo siku moja ya kazi nyingi, kwa sababu foleni ya hospitali ilikuwa ndefu na wateja walikuwa wakingoja. Hakuwa na nyusi ya kushoto. Hakuwa na mke, kwani mama wa binti yake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minane iliyopita. Hakuwa na simu ya kupapasa kioo. Hakuwa na subira kwa mtu mzima anayeita kila kitu "kile kidude". Na kwa miaka arobaini na mitatu hakuwa amepata mtu wa kumwambia uso kwa uso kwamba amekosea. Mtu akikaa muda mrefu hivyo bila kuambiwa, huanza kuamini kuwa hakosei, na hapo ndipo huwa hatari kwa watu wanaompenda.

Walimwita Kabureta. Jina hilo alilipata ujanani, alipokuwa akikaa kibarazani na kikombe cha chai, gari likipita barabarani anasema, "Huyo anachoma petroli bure, kabureta yake imeziba," na kabla jua halijatua mwenye gari amekuja mwenyewe na malalamiko yaleyale. Magoti yalipomshinda aliifunga gereji, lakini kazi moja ilibaki mkononi mwake. Hakuna aliyenunua gari lililokwisha kutumika pale mjini bila kulipitisha kwanza kwenye ua wake. Alilipanda, akalala chini yake, akalisikiliza, kisha akaingia ndani kuandika karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo watu waliyoifuata. Kabureta alijifunza kuandika akiwa na miaka thelathini, katika darasa la watu wazima, baada ya kazi, mikono ikiwa bado inanuka dizeli, na mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyeilipia kila herufi kwa usingizi wake. Chini aliweka jina lake kamili, tarehe na saini. Wauzaji waliipokea karatasi hiyo, wanunuzi waliipokea, na hata ofisi ya malalamiko ya wanunuzi, iliyokuwa katika mji mkuu wa jimbo, ilikuwa na orodha ya mafundi ambao ukaguzi wao haukuulizwa mara mbili, naye alikuwa wa tatu katika orodha hiyo.

Binti yake wa pekee alikuwa dobi. Alikuwa amevuka miaka arobaini, mrefu kama baba yake na mwenye ulimi wa mama yake, na nyuma ya nyumba alikuwa na mabirika ya saruji, kamba kumi na nne za kuanikia na wanawake wawili wa kumsaidia kukamua. Alifua mashuka ya nyumba tisa za wageni. Kila asubuhi alikwenda kuyachukua machafu, na kila alasiri aliyarudisha yamepigwa pasi, kwa pikapu kuukuu ambayo baba yake aliiweka hai kwa waya, gasketi za kukata kwa mkasi, na matusi. Pikapu hiyo ilikunywa petroli kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji.

"Baba, nimeona gari," alisema siku moja akikunja shuka. "La umeme."

"La umeme la nini? Umechoka kufua, sasa unataka kuendesha pasi?"

"Nakwambia la kweli. Lina miaka sita tu. Viti vya nyuma vinalala, mashuka ya nyumba tano yanaingia kwa mpigo mmoja. Nitachaji hapahapa mchana nikiwa nafua. Twende ukalione. Ukisema hapana, ni hapana."

Hilo la mwisho hakulitia chumvi. Angesema hapana, lingekuwa hapana.

Yadi ya magari ilikuwa nyuma ya ghala la saruji, na muuzaji wake alikuwa mtu mnene mwenye shati jeupe lisilochafuka, jambo ambalo Kabureta hakulipenda kwa mtu anayejishughulisha na magari. Muuzaji aliwalaki kwa mikono miwili. Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, fupi, limeoshwa mpaka tairi zinang'aa.

"Injini iko wapi?" Kabureta aliuliza, ingawa alijua.

Muuzaji akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, hapa hakuna injini. Kuna mota, ukubwa wa tikiti maji. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna moshi. Hili halina cha kuharibika."

"Kila kilichofungwa kwa nati kinaharibika."

"Ndiyo maana nilimwambia binti, usije peke yako, mlete mzee mwenyewe. Mtu mwingine ningeweza kumdanganya. Wewe nitakudanganyaje? Mikono hii ilifungua magari mimi sijazaliwa."

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Kabureta alijua ni kilemba cha ukoka, lakini alikivaa, kwa sababu kilimkaa vizuri kichwani.

Alilikagua kwa saa mbili. Alipima shokapu kwa kulikandamiza gari kila pembe. Alizungusha usukani mpaka mwisho kulia na mwisho kushoto, sikio likiwa karibu na tairi. Alitazama breki, bushi, kutu chini ya milango, alama za rangi mpya, mishono ya mikanda ya viti. Kila alichokijua kilikuwa kizima. Kisha alitandika kipande cha boksi, akalala chali chini ya gari, na hapo akakutana na bamba kubwa la chuma lililofunika sakafu yote, limezibwa pande zote, na juu yake karatasi ya kubandika yenye mchoro wa radi na maandishi ya kigeni. Ndani ya bamba ndimo betri kubwa ilimokaa. Aliligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia kama sanduku lililofungwa.

Alipotoka chini, binti yake alikuwa amechuchumaa akimngoja.

"Na hiyo betri, baba? Ikifa, nani anaitengeneza?"

Muuzaji alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, akifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Kabureta alijipangusa magoti. Hata mtu anayenunua viatu huangalia kama fundi viatu yuko karibu. Lakini angejibu nini? Angesema hajui, mbele ya yule mwenye shati jeupe?

"Betri ni betri," alisema.

Binti yake akatikisa kichwa kukubali, kama watu walivyomkubalia miaka yote. Jioni ile Kabureta aliandika: *Gari ni zima. Linafaa kununuliwa.* Akatia saini. Pikapu ikabaki yadi kama sehemu ya bei, pamoja na akiba yote ambayo binti aliipata kwa kufua mashuka.

Kwa miezi saba hakuna aliyekuwa na neno baya. Gari liliondoka asubuhi bila sauti, likarudi bila sauti. Binti alianza kuimba tena akianika. Fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara, ambaye alikuwa rafiki wa Kabureta na kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumkera, aliketi mlangoni kwake kila siku akilingoja lipite.

"Kabureta," alipaza sauti, "binti yako anaendesha friji."

"Na wewe umeendesha cherehani miaka thelathini. Umefika wapi?"

"Sijafika, lakini yangu nikiifungua naona kilichomo."

Kabureta alicheka na wengine. Neno lile lilimchoma, akalimeza.

Sasa, kulikuwa na jambo moja alilolifanya kila jioni. Lilikuwa amri ya gereji yake tangu siku waya ulipochunwa, ukagusa bodi, ukachoma magari matatu ya watu na nyusi yake ya kushoto. Tangu siku ile, hakuna gari lililolala kwake bila kuchomolewa kichwa cha betri. Wafanyakazi wake walilijua hilo kama wanavyojua njia ya kwenda nyumbani. Aliyesahau alifukuzwa, na mmoja aliyefukuzwa alikuwa shemeji yake.

Basi kila jioni, binti akishaegesha gari uani na kuingia kuoga, Kabureta alifunga geti, akafungua boneti, na humo, kati ya maboksi ya plastiki ambayo hakuyaelewa, kulikuwa na betri ndogo ya kawaida, nyeusi, yenye vichwa viwili, sawasawa na ya gari lolote. Siku ya kwanza alipoiona alifurahi kama mtu aliyemkuta jirani yake katika nchi ya watu. Alishika spana namba kumi, akalegeza kichwa cha upande wa hasi, akakichomoa na kukifunga kitambaa. Asubuhi, kabla binti hajatoka, alikirudisha. Hakumwambia mtu. Nani hutangaza kwamba amefunga mlango?

"Baba, saa ya gari hili ni mbovu," binti alisema wiki ya kwanza. "Kila asubuhi inaanzia sifuri. Nairekebisha, kesho yake ileile."

"Kitu kidogo hicho. Saa ya mkononi unayo."

Akaacha kuirekebisha.

Siku ya Jumatatu, mwezi wa nane tangu gari linunuliwe ukiwa umeanza, binti alipakia mashuka safi ya nyumba mbili, akaketi, akabonyeza kitufe. Kioo cha mbele ya usukani kikawa chekundu. Kilionyesha picha ya kufuli, mstari mmoja wa maandishi ya kigeni, na namba ya simu. Alibonyeza tena. Kufuli lilibaki palepale. Alipiga ile namba. Sauti ya mwanamke ikamwambia kuwa namba hiyo haitumiki.

Kabureta alilifungua gari kwa siku nne. Alifungua kila nati ambayo ilikubali kufunguka. Maisha yake yote alikuwa akipambana na magari yaliyokufa, na gari lililokufa alilijua kwa dalili zake: lina harufu, lina kitu kilichoungua, kilichokatika au kilicholegea. Hili halikuwa na kitu. Redio iliimba. Feni ilipuliza ubaridi. Taa ziliwaka zote, za mbele na za nyuma, kama za gari la harusi. Betri kubwa, kwa mujibu wa kipimo chake chenyewe, ilikuwa imejaa. Lilikuwa zima na limekataa kwenda, na hakuwa na spana ya kufungulia kukataa.

Binti alikwenda yadi peke yake. Alirudi na midomo imekaza.

"Walioyaleta magari haya walifunga ofisi yao miaka miwili na nusu iliyopita," alisema. "Na kiwanda kimeacha kabisa kushughulikia aina hii. Yule bwana alijua. Barua anayo kwenye faili, nimeiona kwa macho yangu alipofungua akitafuta nyingine. Nikamuuliza mbona hukusema. Unajua alivyonijibu? 'Mama, mbona hamkuuliza?'"

Kabureta aliokota spana iliyokuwa chini, akaifuta.

"Akaongeza, 'Mlikuja na fundi.'"

Mashuka hayangoji. Alikodi mkokoteni, akawa anauvuta yeye na mmoja wa wale wanawake wawili, jua la saa tano likiwa kichwani. Nyumba za wageni za mbali ziliondoka kwanza. Kutoka tisa zikabaki nne, na mwanamke wa pili aliambiwa apumzike kidogo, maneno ambayo kila mtu anajua maana yake.

Lakini binti yake hakuwa mtu wa kushika tama. Alisafiri mpaka ofisi ya malalamiko, akakaa kwenye benchi mpaka akaonana na ofisa. Ofisa alimweleza vizuri: muuzaji aliyeficha kwamba gari halina tena wa kulitengeneza analazimika kulichukua na kurudisha alichopokea, mradi upande wa mnunuzi haukugusa mfumo wa umeme. Zilihitajika karatasi mbili. Moja ni ripoti ya fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta za magari. Nyingine ni barua ya fundi aliyelikagua na kulitunza gari, kuthibitisha kwamba halikuguswa. Barua inaweza kuja kwa posta, mradi mhuri usipite Ijumaa.

"Ofisa aliposikia jina lako alitabasamu," binti alisema aliporudi, akivua viatu vilivyojaa vumbi. "Alisema, 'Kama ni huyo mzee, mama, kesi yako imekaa vizuri.'"

Fundi mwenye mashine alikuja Jumatano kutoka mji wa jirani, mwanamke wa makamo aliyeitwa Skana na kila mtu, hata na mumewe. Alikuwa na begi mgongoni na miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Binti alikuwa amekwenda na mkokoteni. Skana alisalimia kwa heshima, akaketi kwenye kiti cha dereva, akachomeka waya chini ya usukani, akasoma kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Mzee, gari hili jioni hushikwa na nani?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Magari haya yanaandika."

"Yanaandika nini?"

"Yote. Njoo uone." Akamgeuzia kioo. Ilikuwa orodha ndefu, mistari inayofanana. "Umeme umekatwa, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Umerudishwa, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Umekatwa, saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Umerudishwa. Mara mia mbili na kumi na mbili."

"Saa yake haifanyi kazi," Kabureta alisema. Alijisikia akisema kitu cha kipuuzi.

"Ile ya mbele haifanyi. Kompyuta ina kibetri chake ndani, hiyo haisahau. Waliolitengeneza walidhani mtu anayekata umeme mara nyingi hivi ni mwizi. Wakaliwekea kikomo. Likifika hapo linajifunga, mpaka kiwandani watume namba ya kulifungua."

"Namba tu?"

"Namba tu. Tarakimu kumi na sita."

"Na wewe huwezi?"

"Naweza kubahatisha mpaka wajukuu zako wazeeke." Aliiona sura yake, akapunguza sauti. "Kiwanda kingekuwepo, ingekuwa kazi ya dakika tano. Wanatuma namba, unaomba radhi, unakwenda zako. Tatizo hawapo. Walifunga mlango wakaondoka na ufunguo."

Kabureta aliegemea mlango. Ua ulikuwa kimya, kamba kumi na nne zikiwa tupu isipokuwa mbili.

"Utaandika hilo kwenye ripoti?"

Skana alikuwa akikunja waya wake polepole. "Nimeandika kwamba limejifunga na kwamba hakuna kifaa kilichoharibika. Mstari wa sababu nimeuacha wazi."

"Kwa nini uuache?"

"Kwa sababu hata mimi ningechomoa. Baba yangu alikuwa fundi, nyumbani kwetu hata redio haikulala kwenye umeme." Alifunga begi. "Lakini nikwambie kama fundi kwa fundi. Ukisaini kwamba halikuguswa, jina lako na langu yatakaa kwenye faili moja. Muuzaji akileta mashine nyingine, hii orodha itatoka. Wewe umestaafu, mzee. Mimi nina leseni ya kupoteza. Sikuzuii. Nimesema tu ujue."

Binti alirudi alasiri, mabega yamekatwa na kamba za mkokoteni. Hakukaa. Aliingia ndani, akatoka na karatasi aliyoiandika tangu usiku uliopita. *Mimi fundi niliyelikagua gari lililotajwa nathibitisha kwamba tangu linunuliwe hakuna mtu aliyegusa mfumo wake wa umeme.* Alikuwa ameacha nafasi ya saini, na juu ya nafasi hiyo alikuwa ameandika jina la baba yake lote, bila kukosea herufi.

"Weka saini hapo tu, baba. Kesho naipeleka posta."

"Keti kwanza."

"Nikiketi sitainuka."

Basi akamwambia akiwa amesimama. Alimwambia kuhusu kitambaa, spana, orodha ya mara mia mbili na kumi na mbili, na mstari ambao Skana aliuacha wazi. Hakupamba. Binti alisikiliza akiitazama karatasi yake.

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Mimi nikiwa naoga."

"Ndiyo."

"Ile saa."

"Ile saa, ndiyo."

Alitoa sauti ambayo kwa mtu asiyemjua ingefanana na kicheko. Akatembea mpaka kwenye birika la saruji, akatumbukiza mikono, akaitoa, akarudi maji yakimdondoka viganjani.

"Basi weka saini."

"Mwanangu, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Yule mnene alituficha barua. Yeye hakukosa usingizi hata siku moja. Na yule fundi kauacha mstari wazi, kwa hiyo aliyebaki ni wewe."

"Itakuwa uongo."

"Na ile ya kwanza ilikuwa nini?" Sauti yake haikupanda. "*Gari ni zima, linafaa.* Ulijua nini kuhusu lile gari, baba? Ulilala chini yake ukaligonga kama mlango wa mtu. Nilikuona. Ulisaini kitu usichokijua kwa ajili ya sifa zako. Sasa saini hiki unachokijua kwa ajili yangu."

Katika miaka yake yote ya gereji, ya wateja wakali, polisi na mashemeji, hakuna aliyewahi kumwambia neno lililoingia ndani namna ile. Alitafuta jibu, na kila jibu alilolipata lilianza na "mimi". Binti aliiweka karatasi mezani, akaikandamiza kwa pakiti ya sabuni ili isipeperuke, akaingia kulala mchana kweupe.

Alhamisi hawakusemeshana. Alimwekea chakula, akala. Mkokoteni ulitoka, mkokoteni ukarudi. Mara mbili Kabureta alichukua kalamu na kuisogeza juu ya ile nafasi. Ingekuwa kazi ya sekunde nne. Muuzaji angelazimika kulichukua gari, pikapu au nyingine kama hiyo ingerudi, zile kamba kumi na nne zingejaa tena. Na siku moja, labda, mtu angechomeka waya chini ya usukani, na mwanamke mwenye miwani ya kamba ya kiatu angeulizwa kwa nini aliuacha mstari wazi. Labda. Labda hakuna ambaye angechomeka waya wowote. Hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwamba uongo ule ulikuwa na nafasi nzuri ya kufaulu.

Ijumaa asubuhi alichukua karatasi nyingine. Alichana ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilisema hivi:

*Mimi ndiye niliyelikagua gari hili na kuandika kuwa linafaa. Sehemu niliyoijua niliikagua vizuri. Sehemu nisiyoijua niliigonga kwa kidole nikaandika kana kwamba naijua. Baada ya kununuliwa, kila jioni kwa miezi saba nilichomoa kichwa cha betri ndogo kwa mkono wangu, nikidhani nalilinda. Binti yangu hakujua. Fundi aliyelisoma gari amenionyesha kwamba hiyo ndiyo sababu ya kujifunga kwake, na kama aliuacha mstari huo wazi, aliuacha ili niujaze mimi.*

*Muuzaji alijua kwamba waliolitengeneza wameliacha, naye hakusema. Naomba kosa langu lisifunike lake. Gari hili halina ubovu. Nimelifungua siku nne sikuona kilichokatika. Linahitaji namba moja ambayo hakuna aliyebaki wa kuitoa. Nimetengeneza magari miaka arobaini na mitatu, ya watu wazembe, ya walevi, ya watu waliotia maji penye oili, na hakuna gari lililowahi kukataa kusamehe.*

*Naomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya mafundi wenu.*

Aliweka saini. Alikuwa akipuliza wino ukauke alipohisi kivuli. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imelowa, na hakujua alikuwa amesoma kwa muda gani.

"Umeacha kitu," alisema.

"Kipi?"

"Nilikuuliza. Pale yadi, kuhusu betri. Na hapa nyumbani, kuhusu saa. Andika kwamba nilikuuliza mara mbili, na andika ulivyonijibu."

"Inasaidia nini kwenye malalamiko?"

"Haisaidii kitu. Andika."

Aliandika chini ya saini, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa imebana: *Binti yangu aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba betri ni betri. Mara ya pili nilimjibu kwamba ni kitu kidogo.* Akatia saini tena. Binti aliyasoma maneno hayo kwa makini, kama mtu anayehesabu mashuka ya mteja mgumu, kisha akageuka kwenda kwenye mabirika yake.

"Mimi siipeleki," alisema bila kutazama nyuma. "Na usije kunipa pole. Nitakasirika mpaka nitakapochoka, halafu nitakwambia."

Posta ilikuwa na watu watatu mbele yake. Alisimama akilinyoosha goti moja, kisha lingine. Njiani alikuwa amejiuliza kama huu ulikuwa ukweli, au kiburi kilekile cha siku zote, kimebadilisha shati tu: mzee ambaye hawezi kuvumilia kuwa mwongo, hata kama gharama anaibeba mtu mwingine mabegani. Alikuwa amelichunguza swali hilo pande zote na hakupata pa kulifungulia. Zamani angeandika jibu na kuweka saini. Sasa aliliacha kama lilivyo.

"Ya kawaida au ya rejista?" karani aliuliza.

"Ya rejista."

"Bahasha iko wazi, babu."

Kabureta alikunja karatasi mara tatu, akaiingiza, akapitisha ulimi kwenye gundi. Ilikuwa chungu. Alifunga bahasha, akaikandamiza ukingo wote kwa kidole gumba chenye doa la oili lisilotoka, akaisukuma chini ya kioo. Karani alibandika stempu, akagonga mhuri wa tarehe ya Ijumaa, akamkatia risiti, akaitupa bahasha kwenye gunia lililokuwa nyuma yake, kisha akamwita aliyefuata.